Kinachogonga Nyuma

Mpima Macho alikuja yadini akiwa amevaa shati jeupe. Binti Taratibu alipoliona shati hilo, aliingiwa na wasiwasi. Mtu anayekuja kulazwa nyuma ya gari havai nyeupe. Ama hakuelewa alichoitiwa, ama alikielewa vizuri kuliko alivyopenda kuonyesha.

"Umependeza," alimwambia.

"Mkwe hutazamwa shati kwanza. Maneno baadaye."

"Hujawa mkwe bado."

"Ndiyo maana nimevaa shati."

Alicheka peke yake. Binti alimtazama machoni na kuona kwamba kicheko kile hakikufika huko. Ni Mpima Macho mwenyewe aliyemfundisha kutazama hivyo. Walikutana katika duka lake la miwani, Binti alipokwenda kupimwa macho kwa ajili ya leseni. Alisoma herufi zote za ubaoni bila kosa, na bado Mpima Macho hakumruhusu kuinuka kitini. "Macho yako ni mazima," alimwambia, "lakini humtazami mtu. Unatazama mbele tu, kama bado uko barabarani." Binti alirudi kesho yake akilalamika kwamba miwani ya jua inambana. Hakuwa amenunua miwani ya jua. Mpima Macho aliipokea ile miwani isiyokuwapo, akaigeuzageuza hewani, akasema ataitengeneza, ila itabidi arudi tena.

Sasa alikuwa amesimama kati ya magari yaliyotumika, mikono mfukoni.

"Mama yako amesemaje?" Binti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unajua Mama hasemi. Akisikia kazi yenu anainuka mezani."

"Na jana?"

"Jana hakuinuka." Alikitoa kitambaa cha kufutia miwani, akakikunja, akakirudisha. "Alisema, nenda kwa watu hao, ufanye kazi yao japo mara moja. Ukimaliza nipigie simu uniambie kama bado unataka. Nikisema nataka, atakuja kuonana na baba yako. Nikisema sitaki, habari hizi zisirudi tena nyumbani kwake."

"Yaani leo ndiyo leo."

"Leo ndiyo leo."

Binti aliogopa. Aliwahi kupita katikati ya vilio vya kila namna na usukani haukumtetemekea mkononi. Lakini hajawahi kuendesha gari akiwa amembeba mtu ambaye angeweza kumkosa.

Baba yake alitokea nyuma ya gari la mizigo akijifuta mikono. Mji mzima ulimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake. Kazi yake ilikuwa kusafirisha maiti. Alinunua steshenwagoni za kifahari zilizokwisha kutumika, akazipaka rangi nyeusi, akaondoa viti vya nyuma, na kuzipeleka makaburini kwa mwendo ambao hata wenye majonzi walifika wakiwa wamesinzia. Siku hizi aliyeshika usukani ni Binti. Gari lao la mwisho lilikuwa limeharibika injini, na wafu, kama alivyozoea kusema Taratibu, hawana subira kama wanavyosifiwa.

"Daktari wa miwani! Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Umekosea. Anayelala nyuma haji na tumbo lililojaa. Haidhuru. Twende tukawaone mama na mwana."

Ndivyo dalali alivyoyaita magari yale mawili. Dalali mwenyewe aliitwa Mia kwa Mia, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Alikuwa ameyaegesha ubavu kwa ubavu mbele ya banda la yadi. Yalitoka kiwanda kimoja, yakiwa na nembo moja usoni. La zamani lilikuwa refu na lenye pembe, paa lake limenyooka kama meza. Jipya lilikuwa pana na laini, na paa lake liliteremka kuelekea nyuma kama bega la mtu aliyechoka.

"Hili la zamani," alisema Mia kwa Mia, "ni chuma. Springi za chuma, pete za chuma, mlango unafungwa na mtaa mzima unasikia. Injini yake unaifungua kwa spana. Hili jipya lina springi za upepo. Linajiinua, linajishusha, mlango wa nyuma unafunguka kwa kitufe. Injini yake unaifungua kwa kompyuta."

"Na kompyuta ikikataa?" Taratibu aliuliza.

"Unaibembeleza."

"Paa lake limeinama nyuma. Jeneza halijui kuinama."

"Mzee, linaingia mia kwa mia. Nimepima."

"Ulipimia jeneza la nani?"

Mia kwa Mia alijishika kifua. "Mzee, mbona unanitisha asubuhi?"

Mpima Macho alicheka tena. Safari hii kilikuwa kicheko cha kweli, na Binti alipata nafuu kidogo. Alifungua mlango wa nyuma wa gari la zamani. Sakafuni kulikuwa na pete nne za chuma, moja kila pembe, zilizokazwa kama zimezaliwa humo. Katikati palikuwa na kifuniko. Mia kwa Mia alikivuta, na kiti kidogo kikainuka kutoka sakafuni, kikiutazama mlango wa nyuma.

"Cha watoto wawili," alieleza. "Wanakaa wakitazama walikotoka. Matoleo mapya hayana. Chini ya sakafu ya hili jipya hamna kitu, hata tairi la akiba hamna. Wanakupa kopo la dawa ya pancha na kukutakia heri."

Mpima Macho alikiangalia kile kiti, kisha akamwangalia Binti. Macho yao yalikutana, na wote wawili wakatazama pembeni kwa pamoja. Taratibu aliona. Alikohoa.

"Tufanye kazi. Kijana, sikiliza. Gari la kazi yetu haliendeshwi kwanza. Hulaliwa kwanza. Mtu analala nyuma, anafungwa mikanda kama tunavyofunga jeneza, miguu mlangoni. Haongei. Hajigeuzi. Akitoka anasema mwili wake umesikia nini. Abiria wetu hawalalamiki, kwa hiyo lazima mtu awalalamikie."

"Siku zote analala nani?"

"Mimi," alisema Binti.

"Na leo?"

"Leo umevaa shati," alisema Taratibu.

*

Gari la zamani walilijaribu kwanza. Binti alimfunga mwenyewe. Aliupitisha mkanda mmoja kifuani na mwingine mapajani, akazinasa kulabu kwenye zile pete, akakaza. Alipoinama juu yake, Mpima Macho alimnong'oneza, "Hapa ndipo ninapopaswa kufumba macho?"

"Fumba."

"Nikifumba sikuoni."

"Fumba, mpenzi. Unanitetemesha mikono."

Alifumba. Uso ule uliofumba macho, chini ya paa lile, ulimfanya Binti atoke haraka kuliko ilivyohitajika. Alikaa kwenye usukani. Baba yake alikaa kando yake. Kabla ya kuwasha injini, Binti alikigeuza kioo cha ndani kikatazama paa. Alifanya hivyo bila kufikiri. Taratibu akinunua gari, bisibisi yake ya mfukoni hukiondoa kioo hicho siku hiyo hiyo. Nyuma, alisema, hakuna linalotuhusu.

Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya kazi yao. Ya pili ilikuwa hii: kinachogonga nyuma hakisikilizwi. Mbao hulia, mshikio wa jeneza hulegea, njia mbovu hutingisha kila kitu. Wapo madereva waliogeuka kutazama wakaishia mtaroni, na msiba mmoja ukawa miwili. Kwa hiyo kikigonga, wa pembeni husema neno moja tu, na dereva hulifuata.

Walipita kwenye maghala ya mbao na kuanza kupanda kilima kuelekea kwenye tangi la maji. Gari la zamani lilinguruma, likayumba, likahesabu kila shimo. Nyuma kitu kiligonga. Ngo, ngo, ngo.

"Mbele," alisema Taratibu.

Binti aliendelea mbele.

Waliporudi yadini, Mpima Macho alishuka akiwa na rangi ya majivu, lakini alisimama wima.

"Kichwa kinacheza," alisema. "Mgongo unajua kila jiwe la njia ile. Na kuna kitu kilikuwa kinagonga chini ya sikio langu tangu mwanzo hadi mwisho."

"Kiti cha watoto," alisema Mia kwa Mia. "Kimelegea bawaba."

"Uliogopa?" Binti aliuliza.

"Niliogopa nilipogundua kwamba siogopi. Nilianza kuzoea." Alijaribu kutabasamu. "Twende kwa mwana."

*

Sakafu ya gari jipya ilikuwa ya zulia laini. Mahali pa pete nne palikuwa na reli mbili zinazong'aa, na kulabu zake ziliteleza juu ya reli hizo kwenda popote utakapo. Mia kwa Mia alikuwa kwenye simu na mteja mwingine. Binti alizisogeza kulabu mahali pake, akafunga mkanda wa kifuani na wa mapajani, akakaza, akavuta mara moja kama alivyozoea kuvuta kwenye pete. Hazikusogea. Aliridhika. Hakujua kwamba kila kulabu ilikuwa na kitufe cha kuibana kwenye reli. Pete za chuma hazina kitufe, na mikono yake ilikuwa imelelewa na pete za chuma.

Kioo cha ndani akakigeuzia paa.

Gari liliondoka bila sauti. Lilivuka shimo la kwanza Binti asijue kama ni shimo. Taratibu aligusa dashibodi kama mtu anayepima homa.

"Halisemi kitu," alisema.

"Ndivyo yalivyo haya mapya, baba."

"Sipendi kitu kisichosema."

Wakaanza kupanda kilima. Gari lilijiinua mbele lenyewe, likavuta. Binti alizisikia pumzi za baba yake. Alizisikia zake. Hajawahi kuwa ndani ya ukimya wa namna ile akiwa na mtu nyuma, na alijikuta akitamani kelele za lile kongwe.

Ngo.

Vidole vyake viliubana usukani.

"Mbele," alisema Taratibu.

Alikwenda mbele. Hakuamua. Mguu ulibaki kwenye mafuta na macho yalibaki barabarani, kama walivyofundishwa, yeye na mguu na macho.

Ngo. Ngo.

"Mbele, mwanangu."

Ni nini? alijiuliza. Ni kiti cha watoto. Lakini gari hili halina kiti cha watoto. Ni jeki. Ni tairi la akiba. Chini ya sakafu hamna kitu, dalali amesema hamna kitu. Alipitia moja baada ya jingine kila kitu kinachoweza kugonga nyuma ya gari, na kila kimoja hakikuwamo. Alibaki na kimoja tu.

Ngo, ikasikika tena. Safari hii ilikuwa hafifu.

Binti alikanyaga breki.

"Usisimame mlimani!" Taratibu alipaza sauti.

"Baba, gari hili halina kinachogonga!"

Alikuwa ameshavuta breki ya mkono na kutoka. Alikibonyeza kitufe cha mlango wa nyuma, na mlango ukaanza kuinuka polepole, kwa adabu, kama mhudumu wa hoteli. Alijipenyeza chini yake kabla haujafika juu. Mlango ulihisi kuna mtu, ukalia, ukasimama nusu ya njia. Binti aliingia kwa magoti.

Kilima kilikuwa kimemvuta Mpima Macho kuelekea mlangoni. Mwili uliteleza juu ya zulia, kulabu za mapajani zikateleza nao, na mkanda wa kifuani, ambao kulabu zake zilikwama, ukabaki ulipokuwa, mpaka ukakutana na shingo. Mkono mmoja ulikuwa umebanwa. Ule mwingine ulikuwa ubavuni mwa gari, vifundo vyake vikiwa vyekundu. Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa yakimtazama.

"Niko hapa! Niko hapa!"

Alishika bizimu ya mkanda. Haikufunguka. Uzito wote wa mwanamume yule ulikuwa umening'inia juu yake. Alivuta, akavuta tena, kucha ikakatika, na akasikia sauti ikitoka kooni mwake mwenyewe ambayo hakuijua.

"Usivute!" Taratibu alikuwa amefika. Alipiga magoti barabarani, akaziweka nyayo za Mpima Macho kifuani pake, na kusukuma kwa mwili wake wote kuelekea juu. "Sasa! Fungua sasa!"

Mkanda ulilegea. Bizimu ikafunguka.

Kwa kitambo hakikusikika kitu. Kisha Mpima Macho akakohoa, akavuta hewa kwa mlio mbaya, akakohoa tena. Binti aliushika uso wake kwa mikono miwili na hakuuachia.

*

Walimkalisha kwenye ukingo wa barabara. Shati jeupe lilikuwa na mstari mweusi kutoka kifuani hadi kwenye ukosi. Taratibu aliweka mawe nyuma ya magurudumu, kisha akasimama kando, kofia mkononi, bila kujua aiweke wapi.

Mpima Macho aliongea kwa sauti iliyokwaruza.

"Niligonga."

"Nilisikia," alisema Binti.

"Mara ya ngapi?"

Hapo hofu ikamjia upya, kubwa kuliko ya kwanza. Angeweza kusema gari lile halipitishi sauti, na angeaminika. Alimtazama machoni.

"Mara ya kwanza."

"Ya kwanza."

"Ndiyo."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea. Sina cha kujitetea. Nimefundishwa kutosikia, na nimefundishika."

Mpima Macho aliinamisha kichwa. Alizivuta pumzi kana kwamba anazionja. Binti alingoja. Kila alichowahi kuogopa kuhusu kazi yake kilikuwa kimekaa pale kati yao, na hakuweza kukisogeza.

Simu ikalia. Mpima Macho aliitoa mfukoni. Kioo chake kilikuwa kimepata ufa, lakini jina la mama yake lilisomeka.

"Ameshindwa kungoja," alisema. "Sitamdanganya."

"Usimdanganye."

Koo lilikuwa likimuuma, kwa hiyo aliifungulia simu sauti na kuiweka gotini.

"Mama."

"Sauti yako ina nini?"

"Nililala nyuma, Mama. Mkanda ulinipanda shingoni. Niligonga."

 Upande wa pili ilisikika cherehani ikizimwa.

"Akasimama?"

"Si nilipogonga mara ya kwanza."

"Sijakuuliza mara ya ngapi. Nimekuuliza alisimama?"

"Alisimama."

"Mpe simu."

Binti aliipokea kwa mikono miwili, kama kitu cha moto. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako alikuwa pembeni?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema neno gani?"

Binti alimtazama baba yake. Taratibu alikuwa ameacha kuigeuzageuza kofia.

"Alisema, Mbele."

Ilisikika pumzi ndefu. "Ndilo hilo. Miaka yote hii ndilo neno hilo hilo." Mama mtu aliongea polepole, kama anayefumua mshono wa zamani. "Nilikaa kiti hicho cha mbele siku tulipompeleka baba wa huyo mwanangu. Njiani kitu kikagonga nyuma. Nikamwambia dereva, simama. Akaniambia, Mbele. Nikamwambia, baba, nakuomba, simama. Akasema, Mbele. Daktari alikuwa amenithibitishia, binti yangu. Sikuwa mjinga, nilijua. Lakini moyo haukubaliani na daktari. Mpaka leo mtu akigonga mlango wangu, nafungua kabla hajamaliza kugonga."

Mpima Macho alikuwa ameinua kichwa. Hajawahi kuyasikia hayo. Binti aliona jambo hilo usoni mwake, na akaona pia machozi, naye akaukunja mkono wake juu ya vifundo vile vyekundu. Mpima Macho hakuuondoa mkono wake.

Taratibu alisogea. Alichuchumaa mbele ya simu.

"Ilikuwa jeki," alisema.

"Nani huyo?"

"Ni mimi dereva. Ilikuwa jeki ya gari, mama. Ilifunguka kwenye mshikio wake. Niliikuta tuliporudi kutoka makaburini."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Na unakumbuka? Katika watu wote uliowabeba?"

"Wengi husikia wakanyamaza. Wewe peke yako uliniambia nisimame."

"Jeki," alirudia yule mama. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali, ikabaki uchovu. "Ulijua siku hiyo hiyo, na hukuja kuniambia."

"Sikujua kama unangoja."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," alisema Taratibu. "Nisamehe, mama. Sikujua kwamba nyuma kuna linalonihusu."

 Lori la mbao lilipita, likapiga honi, likawafunika vumbi. Kisha sauti kwenye simu ikarudi, safari hii ikiwa na haraka yake ya kawaida.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, Mama."

"Nilikwambia unieleze kama bado unataka."

Mpima Macho alimtazama Binti. Alimtazama kama alivyomtazama siku ya kwanza, taa mkononi, akitafuta kitu ndani kabisa ya jicho. Binti hakutazama mbele. Hakutazama pembeni. Alibaki pale, akiogopa, na akamwacha aone kwamba anaogopa.

"Naogopa, Mama," alisema Mpima Macho.

"Sijakuuliza kama unaogopa. Hata mimi naogopa. Unataka?"

"Nataka."

Binti alifumba macho, kisha akayafumbua haraka.

"Haya," alisema mama mtu. "Binti, mnanunua gari gani?"

"Bado hatujaamua, mama."

"Lipo lenye mlango unaofunguka kwa mkono?"

"Lipo. La zamani. Linapiga kelele na linatingisha."

"Njoo unichukue na hilo. Nitakaa nyuma. Na nikigonga?"

"Nitasimama, mama."

*

Walirudi yadini kwa mwendo wa Taratibu. Mpima Macho alikaa mbele, dirisha wazi, na Taratibu alikaa nyuma kwenye zulia lile laini, magoti kidevuni, akiwa ameshikilia reli kama mtoto. Mia kwa Mia aliwapokea, akaliona shati, akaiona shingo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa asilimia.

"Vipi mwana?" aliuliza hatimaye.

"Mwana ni mzuri," alisema Taratibu. "Atapata wenyewe wanaomjua. Lete ufunguo wa mama."

Waliviinua viti vya katikati vya gari la zamani kwa ajili ya mgeni. Mpima Macho alilizunguka, akakivuta kile kifuniko cha sakafuni, na kiti cha watoto kikainuka.

"Unafanya nini?" Binti aliuliza.

"Nakaa."

"Humo hutoshi."

"Nitatosha. Sitaki kulala tena leo." Aliingia kinyumenyume, magoti yakagusa masikio. Aliujaribu mshikio wa ndani wa mlango mara mbili, kuhakikisha kwamba unafungua, ndipo akaufunga.

Taratibu alikuwa ameshakaa mbele. Kwa mazoea mkono wake uliingia mfukoni na kutoka na bisibisi. Aliitazama. Alikitazama kioo cha ndani, kilichokuwa bado kimegeuzwa kuelekea paa. Kisha akairudisha bisibisi mfukoni na kutazama nje ya dirisha, kama mtu asiyehusika.

Binti alikigeuza kioo. Alikishusha kidogo, akakiinua, mpaka ndani yake pakaonekana kisogo cha mwanamume aliyekaa akitazama walikotoka, na mstari mwekundu shingoni, juu ya ukosi.  Aliwasha injini, akaachia breki.

Gari halijafika getini.

Ngo.

Binti alisimama. Alisimama kwa nguvu hata Taratibu akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Nini tena?" alifoka. "Hatujatoka hata getini!"

Kwenye kioo, kisogo kiligeuka, na macho yakamtafuta macho.

"Hakuna kitu, baba," alisema Mpima Macho kutoka nyuma, kwa sauti iliyokwaruza. "Nilitaka kusikia breki tu."